Hesabu ya Kokwa

Jumatano, soko la wanawake, Ibra.
Mwanamume akipita hapa huulizwa kapotea wapi.
Tulikaa nyuma ya meza ya Thuwaiba,
baina ya majora ya vitambaa na chupa za samli,
tukihesabu watu kwa kokwa za tende.

Kokwa moja, nyumba moja.
Hara yetu: thelathini na nane.
Ng'ambo ya wadi: ishirini na kitu,
na hicho kitu ni mabwana wanaofanya kazi Maskati,
wanaorudi Alhamisi na mzigo wa nguo chafu.
Azzan peke yake: sitini.
Sitini, na kituo cha petroli,
na barabara anayoitaka ipite mbele ya kituo chake,
juu ya mfereji wa falaji yetu.

Wa ng'ambo hawampi mwanamke. Hilo walilisema wazi,
na kahawa yetu wakainywa.

"Basi," akasema Ghaniya,
na jina lake ndilo tulilokuwa tukilihesabia,
"mimi nitupeni."

Mtu akafunika dele. Ikasikika.

Siku ya kujitoa ilikwishapita,
jina litabaki kwenye orodha
kama kanga iliyosahauliwa kambani.
"Msilipigie. Mpeni Mundhir."

Mundhir!
Ambaye mama alipofariki alituma ujumbe wa simu,
na ujumbe wenyewe kaunakili mahali:
ulikuwa na jina la marehemu mwingine.

Huku hatuna vyama.
Hatuna bendera, hatuna wino kidoleni.
Tuna mashemeji,
na tuna falaji, iliyotufundisha siasa kabla ya shule:
nusu saa maji ni yako, kisha uzibe kilango uniachie,
hata kama jana umenitukana.
Mtende haujui nani kanuniana na nani. Unakauka tu.

Thuwaiba alivuka wadi na sahani ya mandazi,
akarudi na sahani ile ile, imejaa halwa, na maneno:
mara hii wetu, mara ijayo wenu,
na taa njia ya makaburini kabla ya Ramadhani.
Hakuna aliyeandika.
Halwa ililiwa, ndiyo saini.

Bibi hakuigusa.
"Unguja nako tulihesabiana hivi hivi," akasema,
akatazama mlango, asimalize.

Siku yenyewe nilikuwa jikoni, vitunguu vinaanza kuungua.
Kitambulisho mgongoni mwa simu, uso mbele ya kamera.
Pepesa macho, ikaniambia. Nikapepesa.
Majina matatu.
Kidole kikaelea juu ya Ghaniya,
aliyenifundisha desimali kwa kunikatia chungwa,
kikashuka.
Unathibitisha?
Heri nusu shari, nikajiambia,
na nusu yenyewe ikanikwama kooni.
Nikathibitisha. Vitunguu nikavimwaga.

Usiku matokeo: Mundhir kapita kwa kura mbili.
Ghaniya: tatu.

Jumatano iliyofuata kila mtu alishughulika na chenji yake.
Tatu! Kidogo tu zituangushe.
Nani? Tukatazamana viatu.
Bibi akatafuna tende, akatema kokwa kiganjani,
akaikunja ngumi.

Ghaniya akaja, akashika kitambaa cha kijani,
akagombea bei mpaka Thuwaiba akaapa hapati faida,
kisha akageuka:
"Msinione hivyo. Moja yangu.
Niliwaambia mnitupe.
Sikusema nitajitupa."

Njia ya makaburini ina nguzo tisa sasa, mpya, zinang'aa mchana.
Taa bado. Mundhir anasema ziko bandarini.
Chini ya meza Thuwaiba ameweka kopo la maziwa,
na kila anayekula tende
anaombwa, kwa adabu, asitupe kokwa.